Pikapu Iliyocheleweshwa

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa saba, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mbele ya duka la rangi. Hapo barabara ya kuingia mjini ilikuwa imebana, gari moja moja tu, kwa sababu upande wa pili ulichimbwa mwaka juzi kwa ajili ya bomba ambalo halijaletwa. Askari wa barabarani alinyoosha mkono, na pikapu ikasimama.

Ilikuwa pikapu ya miaka thelathini na minne, rangi ya maziwa yaliyoungua, mlango wa dereva unafungwa kwa komeo la choo. Sakafu ilishaoza na kuzibwa na bati la pipa. Pamoja na hayo ilifanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, kubeba milango na madirisha kutoka karakana ya maseremala. Jumapili mwenye gari alilala chini yake tangu asubuhi, akikaza hiki na kupaka grisi kile, na ndiyo maana mkewe aliiita Mke Mwenza. Mume akiingia ndani na mikono ya oili, mke humwuliza, "Mwenzangu ameamkaje?"

"Ana kikohozi kidogo."

"Mpe pole. Mwambie na mimi nina mume, akimaliza kumtumia anirudishie."

Jumanne hiyo mgonjwa alikuwa mke. Tumbo lilimkamata alfajiri, likakaza hadi akashindwa kunyoosha mgongo. Mke Mwenza, ambaye kwa kawaida hutaka kubembelezwa, aliwaka mara moja. Wakafika kwenye duka la rangi, na mkono wa askari ukanyooka.

Mume alishuka. "Afande, nina mgonjwa."

"Rudi kwenye gari, mzee. Ni amri."

"Amri ya nani?"

"Amri haina nani. Rudi kwenye gari."

Kioo cha upande wa mke kilikuwa kimekwama juu mwaka wa sita sasa. Mkono wa kukizungushia ulivunjika, na mume alikuwa amesema atautengeneza kesho. Kwa hiyo mke alipouliza swali lake, aliliuliza ndani ya kioo, na askari aliona midomo tu ikicheza.

"Tumesimama kumpisha nani?"

Walisimama dakika arobaini na moja. Kisha magari kumi na moja meusi yalipita kwa kasi, vioo vyeusi, ving'ora mbele na nyuma, na askari akapanda pikipiki yake akayafuata. Hakumpungia mtu mkono kwamba sasa apite. Watu walitazamana, wakaondoka wenyewe.

Hospitalini daktari alimfunika mke shuka bila kumwangalia mume. "Nusu saa, mzee. Mngewahi nusu saa tu." Karani wa dirishani akajaza cheti, na kwenye sehemu ya maelezo akaandika neno moja: *Alichelewa*.

Mgane aliishia darasa la nne, lakini darasa la nne linatosha kusoma neno hilo. Alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena ndani ya pikapu. Mkewe hakuchelewa popote maisha yake yote. Huyo ni mwanamke aliyefika kwenye harusi za watu kabla ya viti.

Wiki tatu baada ya maziko alirudi kazini. Alikuwa amebeba milango sita, na alipofika mbele ya duka la rangi injini ilizima bila hata kukohoa. Aliinama kutafuta spana chini ya kiti cha abiria, akaona miguu ya mkewe. Mke alikuwa amevaa kandambili zile zile za siku ile na sweta ya kijani.

"Usinisukume," mke alisema. "Spana uliiacha kwenye boksi la betri."

Mgane akainuka. Kweli, iliachwa kwenye boksi la betri.

"Tumesimama kumpisha nani?" mke akauliza.

"Sijui, mama watoto."

"Basi kaulize."

Alikwenda akauliza. Mwenye duka la rangi alisema siku ile waliamriwa wafunge milango na wageukie ukutani, na yeye aligeukia ukutani. Mgane akarudi, wakakaa. Mke alitaka kujua kama oili imebadilishwa, na nani anamwagilia mboga. Dakika arobaini na moja zilipotimia injini iliwaka yenyewe, na kiti kikawa kitupu, kina joto kidogo. Milango sita ilifika imechelewa, na seremala mkuu akasema yaliyomjia mdomoni.

Ikawa hivyo kila akipita. Apite asubuhi, apite mchana, mahali pale pikapu husimama, mke huwepo, dakika arobaini na moja huisha, wanaachana. Njia nyingine ya mjini hakuna. Iliahidiwa kwenye uchaguzi uliopita na ule uliotangulia. Madereva wa magari madogo walijifunza kupanda kwenye kibaraza cha duka la rangi na kumpita. Wengine walimsalimu mke kwa honi. Shemeji, mdogo wake marehemu, alianza kupanda pikapu siku za Alhamisi kwa sababu alikuwa amerithi cherehani na hakuona mkasi.

"Dada, mkasi uko wapi?"

"Kwenye kopo la biskuti. Na usikatie karatasi."

Shemeji alikwenda akaukuta. Alikuwa ameshaukatia karatasi.

Mgane alipeleka cheti dirishani.

"Neno hili si lake," alimwambia karani. "Andika *alicheleweshwa*."

"Mzee wangu, si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja. Kuchelewa ni kwetu. Kucheleweshwa ni kwenu."

Karani hakukasirika. Alikuwa mtu mwenye subira, na subira hiyo ilimudu kumaliza watu. Alimgeuzia fomu amwonyeshe. Visanduku vilikuwa kumi na viwili, herufi moja kila kisanduku, na neno la mgane lina herufi kumi na nne. "Mashine itakata mbili za mwisho. Itatoka *alichelewesh*. Msomaji atadhani alichelewesha, yaani kosa ni la marehemu. Ndivyo unavyotaka?"

"Ongeza visanduku."

"Visanduku vinatoka juu."

"Juu wapi?"

Karani akaangalia dari. Palikuwa na feni, haizunguki.

"Na hata nikiongeza," akasema, "utahitaji shahidi."

"Mwenyewe yupo. Kila siku, mbele ya duka la rangi. Kamwulize."

"Ana kitambulisho?"

"Mlikichukua nyinyi. Dirisha hili hili, siku nilipoleta taarifa ya kifo."

"Basi hawezi kushuhudia," karani akasema, na akamwita aliyefuata.

Mgane alipeleka pikapu kwa Fundi Masikio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hafungui boneti mpaka asikilize kwanza. Fundi alisafisha kabureta, akabadilisha platini, koili, plagi zote nne na pampu ya mafuta. Akaondoa bati la pipa, akachomelea sakafu mpya. Pikapu ikanguruma vizuri kuliko ilivyonguruma katika miaka yake ya ujana. Walipoijaribu barabarani ilisimama mbele ya duka la rangi, na mke akawa amebanwa katikati yao.

"Fundi," mke alisema, "bado unamdanganya mume wangu kwamba hii gari itapona?"

"Nimekuja kusikiliza, mama."

Alishuka akaweka sikio kwenye boneti. Alisikiliza muda mrefu, watu wa kibarazani wakipita taratibu wasimharibie. Kisha akajifuta shavu.

"Gari ni nzima. Haijazima hii, inangoja. Siku ile mlisimamishwa. Kuna aliyewaruhusu?"

Mgane alifikiri. "Hakuna. Askari alipanda pikipiki akaondoka."

"Ndiyo hivyo. Imeambiwa isimame na haijaambiwa iende. Wewe uliondoka, yeye bado. Hiyo mimi sina spana yake."

"Aliye nayo ni nani?"

"Aliyewasimamisha," fundi akasema, na akarudi kwa miguu, kwa kuwa alikuwa na kazi nyingine.

Jumapili iliyofuata mgane hakulala chini ya gari. Alifungua mlango wa abiria, akatoa ubao wa ndani, akakuta waya uliokatika na gurudumu dogo la kupandishia kioo lililoliwa meno mawili. Kazi ya saa moja na nusu. Miaka sita ya kesho, na kumbe ni saa moja na nusu. Alitafuta gurudumu kwenye mlango wa gari bovu, akalitia grisi, akafunga mkono mpya wa chuma na kuuzungusha. Kioo kilishuka. Akakipandisha, akakishusha tena, akakaa kwenye kiti cha mkewe na kulia kwa hasira hadi mbwa wa jirani akaondoka.

Jumatatu mke alipotokea aliona mkono wa kioo kabla ya kitu kingine.

"Leo ndiyo kesho?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mh. Mwanamume ukimwacha afe, anatengeneza."

"Aliyekufa ni wewe."

"Nimesema nini mimi?" Akazungusha. Upepo ukaingia, ukampeperushia kola ya sweta. Akatoa kichwa nje na kuanza kumwuliza kila aliyepita. Mwenye baiskeli hakujua. Mwalimu aliyekuwa anakwenda shule hakujua, akaomba radhi. Diwani alijifanya anaongea na simu.

Ijumaa ya wiki hiyo, pikapu ikiwa imesimama na mke yumo ndani, ving'ora vilisikika nyuma. Askari wa pikipiki akatangulia kusafisha njia. Alikuwa yule yule, isipokuwa begani alikuwa ameongezewa alama moja.

"Ondoa gari, mzee! Msafara huo!"

"Bado dakika thelathini na tatu."

"Unanichezea?"

Askari aliita wenzake watatu, gia ikatolewa, breki ikaachiwa, wakasukuma. Pikapu haikusogea hata upana wa kidole. Magari meusi yakafika yakasimama kwa mstari. Yalikuwa mapana, kibarazani hayakuenea. Yalikuwa kumi na moja, mgane aliyahesabu, na alipomaliza aliyahesabu tena kwa raha.

Askari akajaribu njia ya adabu. Alisimama mbele ya pikapu akapunga mkono mara tatu. "Haya, pita. Pita, mzee. Nimekuruhusu."

Injini ilitikisika. Mgane aliisikia kwenye nyayo, ikitaka. Akamgeukia mkewe, naye mkewe alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Usitie gia," mke alisema. "Hajanijibu."

Mgane akaondoa mguu kwenye klachi. Injini ikatulia.

Mke akazungusha kioo hadi chini, akatoa kichwa. "Kijana, njoo."

Askari akaja. "Mama, wewe si ulishakufa?"

"Nilikufa hapa hapa, umesimama pale ulipo. Siku ile niliuliza, kioo kikanizuia. Leo unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Tulisimama kumpisha nani?"

Askari alivua kofia, akaivaa. "Mama, mimi sijui. Kweli kabisa. Sisi tunaambiwa simamisha, tunasimamisha. Ndani haturuhusiwi kuangalia."

"Basi uliza aliyekuambia."

Askari aliinua redio. "Mkuu, kuna raia hapa anauliza siku ile alimpisha nani."

Redio ikakoroma. "Raia gani?"

"Marehemu, mkuu. Mwanamke."

Redio ikakoroma tena. "Mwambie asubiri."

Wakasubiri. Mke alikuwa na mazoea. Gari la sita, lile la katikati, lilikuwa na bendera ndogo mbele, na mke alilikodolea macho kichwa kikiwa nje, akiuliza swali lile lile kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Kioo cha gari lile kilikuwa kipya, cha kubonyeza kidole tu kikashuka. Hakikushuka. Dakika zilipotimia injini iliwaka, mke akaondoka, na pikapu ikasogea. Msafara ulipita kwa kasi ileile. Redio ilikuwa bado haijajibu.

Serikali haikukaa kimya. Shimo lililokaa miaka miwili lilifukiwa kwa siku mbili na kuwekwa lami, magari meusi yapate pa kupita. Ni lami nzuri, mpaka leo haijapasuka. Mahali pa pikapu walichora mstatili wa manjano, wakaupima kwa futi ili Mke Mwenza aenee, na pembeni wakasimamisha kibao kikubwa cha chuma: HAPA GARI HUCHELEWA. Kibao kilikuwa na nafasi ya kutosha neno lolote, hata sentensi.

Mgane alikitazama. Akaingia kwenye duka la rangi, akatoka na kopo dogo jeusi na brashi, akapanda kwenye bodi ya pikapu. Mkewe alitoa kichwa dirishani amsomee herufi, kwa kuwa yeye aliishia darasa la saba.

"Baada ya W. Hapo. E."

"E."

"S. H. W nyingine. Zibane, zitaenea."

Zikaenea. Wiki iliyofuata walizifuta. Akaziandika tena. Wakazifuta. Sasa kuna mtu ameajiriwa kwa kazi hiyo, huja Jumatano na tambara na kopo la tina ya kuyeyushia rangi, humsalimu mke, hufuta, huondoka. Cheti bado kinasema *alichelewa*. Askari ameongezewa alama ya pili. Mgane hubadilisha oili kila mwisho wa mwezi na huutia grisi mkono wa kioo kila Jumapili, usije ukakwama.

Na msafara ukipita kwenye lami mpya, gari baada ya gari, vioo juu, mke huzungusha cha kwake hadi chini na kuuliza:

"Tulisimama kumpisha nani?"