Aya ya Kumi na Tisa

Nasinzia kitini mchana kweupe, bahasha ya uamuzi ikiwa chini ya kiganja changu, na hata kabla usingizi haujanichukua vizuri najua kwamba naogopa. Saa nane wataingia wawili walioniteua niwe msuluhishi wao badala ya kwenda mahakamani: Mzee Anyosisye mwenye shamba la chai, na jirani yake Mama Tumpale mwenye ng'ombe wa maziwa kumi na wanne. Wanagombea chemchemi iliyo mpakani mwao. Nimeandika kwamba ni ya Mzee, na kilichonisukuma kuandika hivyo kipo kwenye aya ya kumi na tisa. Siku ya kukagua mpaka, Mama Tumpale alikwama njiani na gari lake kwenye tope, mvua ikatunyeshea, Mzee akanikaribisha jikoni kwake, mkewe akanipa maziwa ya mgando, na pale karibu na moto Mzee akaniambia kwamba babu yake ndiye aliyeichimba chemchemi ile. Mama Tumpale hakuwepo, na mimi sikumuuliza baadaye, wala aya haisemi neno hilo nililipata wapi. Miaka kumi na sita ya kazi hii, halafu nafanya kosa la mwanafunzi! Lugano, karani wangu, anafunga mlango taratibu ili nipumzike, na mara ukuta wa nyuma yangu unafunguka, naingia.

Ni barabara, haina mwanzo wala mwisho, na mbele yangu yupo mtu aliyevaa joho jeusi, amenipa mgongo. Shikamoo, namwambia, kwa woga tu. Marahaba, inajibu sauti kutoka kifuani mwake, kisha anageuka na naona hana uso, ngozi tupu kutoka paji la uso hadi kidevu. Nataka kukimbia lakini barabara ndiyo inayotembea, inatubeba sote wawili. Kitendawili, anasema yule mtu. Tega, najibu, meno yakigongana. Wawili wanamzaa, naye akishasema anawashinda wote wawili. Najua jibu ni mimi, msuluhishi, na bahasha ninayo mkononi. Tunafika mji wa kwanza, mji wa zamani kabla ya karatasi, na pale kila mgomvi amekuja na mtu wake, na watu hao wawili wamemchagua wa tatu, wanakaa wote mkeka mmoja wakila sahani moja. Hawa wanakula na wenye kesi yao, nasema kwa furaha, kumbe hakuna ubaya! Wote wanaacha kula. Mwanamke mmoja ananiuliza: Na wewe ulipokula kwa mmoja wao, mwenzake alikaa upande gani wa mkeka? Mkeka unaanza kujikunja kuja kwangu, kwa hiyo natoka mbio.

Mji wa pili una kuta za vioo, ni mji wa wafanyabiashara wanaopeana barua zenye mihuri ya nta, na katika kila kioo nipo mimi nasoma uamuzi ambao siusikii. Hapa, anasema yule asiye na uso, mwenyeji wangu, aliyekuteua anaweza kukunyang'anya kazi wakati wowote, mradi hujatamka uamuzi. Mbele yetu msuluhishi mnene anasafisha koo asome, na papo hapo mgomvi mmoja anainuka, anachukua barua yake ya uteuzi mezani, anaondoka bila hata kuaga. Kinywa cha yule mnene kinafutika. Kisha pua, kisha macho. Anajipapasa kwa vidole. Namgeukia mwenyeji wangu: Kumbe na wewe ulikuwa msuluhishi? Nilikuwa, anajibu, na walionifuta uso walinitendea wema, maana nilikuwa nakaribia kusoma kitu kibaya. Namwambia, niache basi nibaki hapa, nimngoje Mama Tumpale aje achukue barua yake. Haiwezekani, anasema, mji huu ulipita zamani.

Na kweli umepita. Sasa ni ukumbi mrefu, na mahakimu wenye wivu wamejaa kwenye ngazi zake, kila uamuzi wa msuluhishi ukipita wanaudaka, wanauchana, wanasema anza upya, na wagomvi wanaanza upya hadi wanaota mvi, wanazeeka kwenye mabenchi, wanasahau walichogombea. Mzee mmoja ananishika mkono: Mwanangu, watoe hawa mikono kwenye maamuzi yetu, tunakufa hapa. Vilio vinazidi, mpaka sheria inashuka kutoka darini kama bamba la chuma na kuwafungia mahakimu nje. Watu wanashangilia. Nami nashangilia kidogo, kisha nautazama ule mji mpya ulioota nyuma ya bamba na nywele zinanisimama. Maamuzi yanaruka juu yake kutoka nchi hadi nchi, kila mpaka unainama yapite, na nyumba zake zote hazina vitasa. Uamuzi ukiingia hautoki tena.

Hakuna hata mlango mmoja wa kurudi? nauliza, karibu nalia. Upo mdogo, anasema mwenyeji wangu, wanaufungua mahakimu kwa ajili ya mtu ambaye hakusikilizwa, mradi abishe. Natazama, nauona, kimlango cha kupita paka, na kando yake anapita Mama Tumpale na ng'ombe wake kumi na wanne, ndimi nje, wanatafuta maji. Anakipita kimlango bila kukiangalia. Mama Tumpale, bisha! napiga kelele. Anasimama. Nibishe nini, mama? ananiuliza kwa upole. Ulinipa nafasi, nikasema yangu yote, nimeshindwa kihalali. Ng'ombe mmoja anapiga magoti. Hapo ndipo ninapoelewa. Kimlango kinafunguka kwa anayejua, na anayejua ni mimi. Nilimsikiliza Mzee jikoni peke yake, wewe ukiwa kwenye tope, nasema, ndiyo aya ya kumi na tisa, nisamehe, usiukubali uamuzi wangu! Nasema kwa nguvu zote lakini sauti haimfikii, na Mama Tumpale ananitazama midomo, anasogea karibu, anaweka kiganja nyuma ya sikio.

Mama. Mama, amka, chai inapoa. Ni Lugano, ameshika kikombe, saa ya ukutani inaonyesha saa tisa na nusu. Nakurupuka. Wako wapi? Waite waingie, nina jambo la kuwaambia kabla sijasoma. Lugano anacheka. Wameshaondoka, mama, ulisoma saa nane kamili, tena sauti imetulia kweli, wakatia sahihi wote wawili ndipo ukasinzia. Nainua kiganja, bahasha haipo. Sikusema lolote kuhusu jikoni? namuuliza. Jikoni gani tena, mama? Anaweka kikombe mezani, anafuta meza kwa kitambaa, kisha anakumbuka kitu, anatabasamu. Mama Tumpale aliniachia salamu zako mlangoni. Amesema asante sana. Amesema kushindwa kunauma, lakini angalau safari hii amesikilizwa. Nainuka nimkimbilie, nakigonga kikombe, chai inamwagika juu ya meza na simsikii Lugano anachosema tena, nashikilia ukingo wa meza nikiomba kwamba hii ndiyo iwe ndoto.