Kaa Mbele ya Lango

Kitu kiligonga meza, kikaruka, kikabingirika sakafuni kokoro-kokoro-kokoro, kisha kikagota ukutani chini ya kabati.

"Imeingia uvunguni," alisema mjomba. "Hiyo inahesabiwa?"

"Haihesabiwi, mjomba. Na sijasema urushe."

"Umetuwekea dadu mezani, unataka tuzitazame tu?"

Nilipiga magoti, nikapapasa, nikaitoa ile dadu ya nyuso ishirini pamoja na kifuniko cha kalamu na vumbi la miaka. Hatukuwa tumeanza, na tayari damu ilikuwa inanichemka.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mchezaji anajifanya mtu fulani. Msimulizi anawaeleza walichokikuta, wao wanasema wanafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu. Msimulizi nilikuwa mimi, na ulimwengu wetu ulikuwa ule wa Walinzi wa Lango, filamu ninazozipenda tangu nikiwa na meno ya utoto. Nilianza kuzitazama na dada yangu, tumejibana kwenye kiti kimoja, kila mmoja akimkataza mwenzake kupumua kwa nguvu. Siku hizi dada ni muuguzi. Tunaishi nyumba moja lakini tunapishana mlangoni kama wapangaji, yeye akirudi kutoka zamu, mimi nikienda kutengeneza simu za watu. Jumamosi hii alipewa mapumziko.

"Haya, nionyeshe huo mchezo wako," alisema. "Ukinichosha, sirudi tena."

Alisema akicheka, lakini namjua. Dada akisema harudi, harudi.

Kwa hiyo nilijiandaa. Kwa nyaya na skrubu za simu mbovu niliunda kaa wa chuma, mwenye magando yanayofunguka, nikamfunika kwa kitambaa kando ya kiti changu. Nilitunga hata shairi la kumtangulia.

Dada alichagua kuwa mganga wa jeshi. Wembe, rafiki yangu kinyozi, akawa shujaa mwenye panga mbili. Mjomba, ambaye kazi yake ni kutandaza nyaya kwenye majumba, alikataa kuwa kitu kingine.

"Mimi ni fundi umeme."

"Katika dunia hiyo hakuna umeme, mjomba."

"Ndiyo maana wananihitaji."

Sikubishana naye. Niliwapitisha jangwani, nikawafikisha kwenye lango kuu. Hapo nikasimama, nikashusha sauti, nikawasomea maneno yaliyochongwa juu ya jiwe:

*Ukifika lango kuu, tahadhari mbele: kaa!*
*Mwenye haraka ya kwenda, njia ikamkataa.*

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitambaa. Nilingoja panga zichomolewe.

"Tumekaa," alisema dada.

"Mmefanya nini?"

"Tumekaa chini. Si ndivyo ilivyoandikwa?"

"Na mimi nakaa," alisema Wembe. "Maandishi ni maandishi."

"Mimi nilishakaa zamani," alisema mjomba. "Kuna chochote cha kutafuna huko jangwani?"

Nilijaribu kuwaokoa. Nikasema wanasikia chuma kikikwaruza jiwe. Wakasema wanasikia, na wanaendelea kukaa. Nikasema mchanga unatikisika. Wembe akasema mwenye haraka njia humkataa, yeye si mjinga. Mjomba akarusha dadu bila ruhusa ili ajue kama amewasha moto, akapata ishirini, akashangilia mpaka jirani akagonga ukuta.

"Kaa!" nilipiga kelele. "Kaa, jamani, kaa!"

"Si tumekaa!" alijibu Wembe. "Unataka tulale?"

"Kaa mdudu! Kaa mwenye magando!"

Mjomba alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyeungua kidole.

"Sasa si ungesema *kuna* kaa?"

"Mizani ingezidi!"

"Basi ndiyo hiyo mizani yako imetukalisha."

Wembe alicheka mpaka akashika mbavu. Nilimgeukia dada, masikio yakiwaka moto.

"Hawa sawa, hawajui kitu. Lakini wewe? Kaa wa chuma! Yule anayemvuta nahodha chini ya mchanga! Umemsahau vipi?"

"Yuko filamu ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ya tatu sikuiona," alisema. "Ilipotoka nilikuwa nimeshaanza kazi. Ziko ngapi sasa, nne?"

"Saba."

"Saba!" Alitikisa kichwa taratibu. Wakati huo tu ndipo nilipoona kwamba alikuwa amevua viatu na kupandisha miguu juu ya kigoda, na kwamba vifundo vyake vilikuwa vimevimba, soksi zimeacha mifereji. "Basi sikiliza. Huyu mganga wangu kutwa amesimama, anafunga vidonda vya watu. Leo amefika mahali ambapo hata jiwe linamwambia kaa. Halafu wewe unamfokea."

Chini ya kitambaa, gando moja lilikuwa linanichoma kiganja. Ilikuwa kazi nzuri, ile. Nilitamani sana waione. Niliisukuma nyuma ya mguu wa kiti.

"Haya," nilisema. "Mmekaa. Jua limepungua makali. Jiwe mlilolikalia bado lina joto lake."

"Joto la kuumiza?" aliuliza dada.

"La kukanda mgongo."

Alijilaza nyuma. Wembe akasema shujaa wake ananoa panga, na kama kuna mwenye nywele ndefu asogee. Mjomba akaanza kumweleza Wembe jinsi angeliwekea lango lile kengele, na safari hii sikumkatiza. Nilimuuliza waya ungepita wapi, akanionyesha kwa kidole, juu ya meza, kona kwa kona.

"Na huyo kaa wako," alisema dada, macho ameyafumba, "anatoka saa ngapi?"

Wembe na mjomba wakaacha habari za waya, wakanigeukia.

"Hatoki," nilimwambia. "Nakuahidi, dada. Hatoki mpaka useme kwa mdomo wako kwamba umeinuka."