Viatu vya Obdulia

Mume wangu Herminio hakugusa pombe mwaka mzima, na mwaka wenyewe ulikuwa unaisha Jumapili ile saa sita mchana. Hakuacha kwa kunipenda mimi, msijidanganye. Aliapa kanisani mbele ya sanamu ya Bikira Maria, baada ya kumvunja mkono binti yetu Obdulia akiwa amelewa chakari. Kijijini kwetu mwanamume hakatai glasi ya rafiki, ni tusi. Lakini akisema "nimeapa", hata walevi sugu wanamwacha. Hawamwogopi mke wala polisi, wanamwogopa Bikira.

Na mimi nilikuwa nimeacha kumwamini. Ilianza siku ile nilipoufunga mkono wa mtoto kwa vipande vya mbao, yeye anapiga mayowe, mimi naomba, naomba, na juu kimya. Tangu hapo nikipiga magoti ni magoti tu. Obdulia naye tangu hapo halali bila viatu, eti awe tayari kukimbia.

Basi Jumapili ile tukasimama mlangoni mwa kanisa ili Herminio aape tena, yeye na shati jeupe nililolipiga pasi, mimi na mshumaa, maana mke ndiye humshikia mumewe mshumaa akiapa. Ng'ambo ya uwanja alikaa Toribio, baba wa ubatizo wa Obdulia, na dumu la pulke, pombe ya mkonge, miguuni.

"Herminio!" akapaza sauti. "Kengele ikilia uko huru, ndugu yangu! Au mama watoto kakufunga kamba?"

"Funga mdomo wako, mlevi mkubwa!" nikamjibu.

Herminio hakucheka. Alinishika kiwiko. "Eufrasia, niambie kweli. Anasikia?"

"Nani?"

"Usijifanye hujui. Bikira. Kwenye rozari siku hizi hufungui mdomo, nakuona. Kama hakuna mtu huko, sema. Mimi siwezi kuahidi kitu kwa udongo uliopakwa rangi."

"Si umwahidi mtoto uliyemvunja mkono? Yeye hatoshi?"

Akainamisha kichwa. "Hatoshi. Natamani angetosha. Nikimwahidi Obdulia nitakunywa tu, najijua."

Jamani! Mwanangu wa damu na nyama hatoshi, sanamu linatosha! Nikisema kweli, mwanamume huyu anavuka uwanja kwenda kwa Toribio. Nikisema uongo, nitapiga magoti kila Jumapili mpaka nizikwe, nikichunga asinigundue. Moto wa milele sikuuogopa. Niliona aibu tu, kwa sababu sijawahi kumdanganya, hata enzi alipokuwa akinipiga.

Kengele ikaanza kulia. Toribio akainua glasi.

"Anasikia," nikasema.

"Apa," Herminio akaniambia.

"Naapa kwa Bikira huyohuyo."

Akaingia, akaapa mwaka mwingine. Nta ya mshumaa ilinichuruzikia vidoleni, sikusogeza mkono. Padre Anselmo akanipa pongezi. "Imani yako, mama, ndiyo inayoishika nyumba yenu." Nikaitikia amina. Ningefanyaje?

Nyumbani tulimkuta Obdulia jikoni akigeuza mikate ya tortilla kwa mkono ule uliounga upande.

"Baba kaapa?" akaniuliza.

"Kaapa."

"Mama, hivi Bikira anasikia kweli? Usinifiche."

Nilitaka kumvuta kando nimwambie ukweli wote, ana umri wa kuelewa. Lakini Herminio alikuwa nyuma yangu mlangoni, kofia mkononi, naye anasubiri jibu.

"Anasikia, mwanangu."

Obdulia akanitazama usoni. Kisha akakaa kwenye kigoda, akafungua kamba, akavua kiatu kimoja, halafu cha pili, akaenda kuvisukuma chini ya kitanda chake. Usiku ule alilala peku, fofofo.

Mimi viatu vyangu bado ninalala navyo miguuni.