Doa la Manjano Chini ya Difu

...na eti afute yeye, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mwembamba, yeye ndiye aliyelala chali kwenye kibao cha magurudumu chini ya gari la baba yake huku nyasi za uwanja zikimchoma shingo, na kitambaa chenye spiriti anacho tayari mkononi, "Pitisha mara moja tu hapo, binti, litoke, nasi tutajifanya hatukuliona," ndivyo alivyosema Bwana Pruitt, jaji mkuu wa maonyesho haya ya magari ya zamani, mzee wa suruali nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na amesema hivyo kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi, hiyo ndiyo inayomkera Nadine kuliko yote, ile huruma, kana kwamba doa la manjano lililoko pale kwenye ncha ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, shibiri moja tu kutoka usoni pake, ni kamasi za mtoto mbele ya wageni, mfuteni upesi, picha inapigwa... na kutoka huku chini haoni sura ya mtu, anaona viatu tu, viatu vya turubai vya Pruitt vinavyogonga nyasi taratibu, na viatu vya baba, vyeusi, vipya, vilivyonunuliwa kwa ajili ya leo, vimetulia kimya, na baba hajasema hapana, mbona hasemi hapana... doa lenyewe hata si kubwa, halizidi kidole gumba, rangi imepigwa juu ya nati ikavutwa kuelekea kushoto ikaishia kama mkia wa panya, lilikuwa limezikwa kwenye grisi miaka yote hiyo, grisi iliyoshikana na vumbi na chumvi ya barabara mpaka ikawa jiwe, na ni Nadine aliyelichimbua majira ya baridi kule gereji, Detroit imefunikwa theluji, vidole vimekufa ganzi, anakwangua kwa kipande cha plastiki, chuma hakiruhusiwi, na baba juu yake anatania, "Pole pole wewe, unatafuta almasi?" halafu grisi ikabanduka kama gamba na manjano ikachungulia, na baba akapiga magoti pale pale sakafuni, akasogeza taa karibu... baba yule yule, Roscoe Tolliver, sasa amesimama kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu, "Kitabu kinasema alama ya kiwandani hapa ni mstari wa kijani, Roscoe," Pruitt anasema, na kile kioo chake cha kukagulia chenye mpini mrefu kinaingia tena chini ya gari kama kijiko kwenye sufuria ya jirani, "kijani, umenyooka, umelala kulia, na hili la kwako ni manjano, tena limelala kushoto, hakuna gari la kiwandani lililo hivi, kuna mtu amejipakia nyumbani," na baba anajibu, "Ndiyo, Bwana Pruitt, nimekuelewa, Bwana Pruitt," Bwana Pruitt kila baada ya maneno mawili, naye anarudishiwa Roscoe mtupu, Roscoe kama anaitwa mtu wa kuosha vioo, haya hilo nalo lipo kwenye kitabu chako, mheshimiwa jaji, ukurasa wa ngapi... hoja ya kwanza, kama ingekuwa chuoni, kama ingekuwa kwenye ukumbi wa mdahalo na saa iko mezani, hoja ya kwanza, mheshimiwa mwenyekiti, naomba wajumbe wainuke watembee kwenye safu hii ya magari, wafungue boneti moja baada ya nyingine, maana mimi nimetembea tangu asubuhi na nimeona, lile la kijani la daktari wa Toledo, lile jekundu, lile jeusi lenye mistari, yote yana maandishi ya chaki ya mkaguzi wa kiwanda kwenye bati la mbele, na maandishi ni yale yale, mkunjo ule ule, mkia ule ule, hata ule mtetemo mdogo wa mkono mwishoni ni ule ule, kwa sababu wote wameagiza pakiti zile zile za stensili kwa posta, unaweka karatasi yenye matundu, unapaka, unabandua, tayari, gari lako limekaguliwa na kiwanda, na hivyo kumbe nchi nzima ilikuwa na mkaguzi mmoja, mkono mmoja tu, viwanda vyote, zamu zote, miaka yote, mkono usiochoka, usioumwa, usiopata baridi, usiogombana na mume asubuhi, na mkono huo haujawahi kuwepo duniani, na huo ndio mnaoupa alama zote, na mkono uliokuwepo kweli, wenye damu na kucha, mnauletea spiriti... hoja ya pili, lakini inakatizwa, "Anasikia huko chini?" Pruitt anauliza, anacheka kidogo, "au amelala?" na baba anacheka naye, baba anacheka, "Huyu halali, Bwana Pruitt, huyu anatunga mashtaka," na wote wawili wanacheka, na Nadine anaumwa meno jinsi alivyoyauma, kwa sababu kicheko kile anakijua, ni kicheko cha mwaka ule wa kwanza walipokuja hapa, yeye bado mdogo na soda mkononi, mtu wa kofia akamwuliza baba, "Unamlindia nani gari?" na baba akacheka hivi hivi, akasema, "Najilindia," na mwaka uliofuata wakasema injini si ya gari hilo tangu kiwandani, akawaletea namba, wakasema namba zimegongwa upya, akajifunza kusoma kibati cha namba kilichoko karibu na injini kuliko wanavyokisoma wao, herufi hii ni rangi, hizi mbili ni ngozi ya viti, tarakimu hizi ni mwezi na siku gari lilipopangiwa kuunganishwa, akawasomea bila kutazama, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake, wakabaki kukuna videvu, "Ehe, basi mwakani," kila mara basi mwakani, na leo Pruitt amezunguka gari mara mbili akitikisa kichwa kwa kukubali, leo daraja la juu kabisa liko pale, limebaki doa tu, na baba amelitaka daraja hilo mpaka amekonda, kwa hiyo anasema sasa, kwa sauti ya chini, akiwa ameinama mpaka kivuli chake kinamfikia Nadine magotini, "Futa tu, mwanangu, ni rangi tu hiyo," ni rangi tu, baba, wewe, wewe unayejua mama yako alisimama wapi miaka yote ile, kule kiwandani, kwenye shimo chini ya mkanda wa kuunganishia magari, magari yakipita juu ya kichwa chake, spana mkono wa kushoto, wa kushoto, baba, kila kitu alifanya kwa kushoto, alipakua sukuma wiki kwa kushoto, alichana nywele zangu kwa kushoto, kofi lake lilitoka upande ambao hukuutegemea, na kiwanda ni kile kile, zamu ni ile ile, tarehe ya kibati inaangukia majira yale yale, unataka ushahidi gani tena, na hapa ndipo hoja ya tatu inapokaa, ile aliyoinoa njia nzima kutoka nyumbani, atatoka chini ya gari, atajipangusa nyasi, atamtazama Pruitt machoni na kusema, hili doa ni la bibi yangu, Verlene Tolliver, alilipaka kwa mkono wake wa kushoto, na ukumbi utanyamaza, anajua jinsi ukumbi unavyonyamaza, anaupenda ukimya ule kuliko makofi... ila bibi alisemaje, bibi alisemaje hasa, ile Jumapili walipomsukuma na kiti chake mpaka gereji, blanketi magotini, baba akamshikia kioo na taa, na bibi akakunja uso, "Ndiyo mmenitoa kwenye joto mnionyeshe uchafu?" na Nadine akaruka, "Ni wewe, bibi? Ni mkono wako?" na bibi akacheka mpaka akakohoa, "Mjukuu wangu, magari yalikuwa yanapita kama mvua, nitajuaje tone langu? Huenda mimi. Huenda Hoskins, naye wa kushoto, mlevi yule, alikuwa anapaka hata viatu vyangu. Huenda mtu aliyekuja siku moja, saa ya chakula akaenda zake hakurudi," na Nadine hakukubali, "Lakini manjano, bibi, kitabu kinasema kijani," na bibi akamtazama kama vile amesema mvua inanyesha kwenda juu, "Kijani kiliisha. Kila mara kiliisha. Unadhani wangesimamisha mkanda kwa ajili ya kopo la rangi?"... huenda Hoskins, hilo halikuwemo kwenye hoja ya tatu, hilo alilikata, kimya kimya, jinsi unavyokata sentensi inayompa mpinzani mlango, na hakuona haya, chuoni hiyo inaitwa maandalizi, na bibi alizikwa Machi, hawezi kuinuka kusema mjukuu wangu mimi sikusema hivyo... haya, na tuseme anasema hivyo hivyo, hili ni la bibi yangu, nini kinatokea, anakiona kabisa, Pruitt anavua kofia, "Oo, bibi yako!" macho yanamlowa, anawaita wenzake waje waone, wanapiga picha, jioni atawasimulia watu mezani jinsi alivyoliacha doa kwa heshima ya mama mmoja wa kiwandani, na daraja la juu linatolewa, na baba analia, na kila mtu anarudi nyumbani ameshiba, na gari linalofuata kwenye safu, kama Mungu akijalia chini yake kukawa na doa lingine la kweli, la Hoskins, la yule wa siku moja, lisilo na mjukuu wa kulilalia chini na kulitetea, Pruitt atasema nini, atasema pitisha kitambaa, litoke... kwa hiyo mkono wa mtu lazima uwe na ndugu uwanjani ndipo uachwe, lazima uje na machozi, na jina, na picha, ndipo uhesabiwe kuwa uliwahi kushika kitu, na ni yeye Nadine ambaye angeiweka sheria hiyo leo, kwa ufasaha, saa ikiwa mezani, na anatafuta jibu la kujijibu, anatafuta kama anavyotafuta kila mara, mlango wa pembeni, neno la kugeuza, na hapati, ni mara ya kwanza anabwagwa chini na hakuna mpinzani aliyefungua mdomo... na alimwuliza bibi pia, siku ile, doa lilikuwa na maana gani, akitarajia kitu kikubwa, na bibi alikuwa ameshachoka, anavuta blanketi, "Maana? Kwamba hapa nimeshika, pamekaza. Anayefuata asirudie, naye ana kazi yake," basi, hayo tu, aliyelipaka alimpakia mtu wa hatua tatu mbele kwenye mkanda, ambaye hata hakugeuka kumtazama, hakumpakia Pruitt, hakumpakia Nadine... "Roscoe, tuna magari mengine," Pruitt anasema, vile viatu vya turubai vinageuka nusu, na viatu vya baba vinageuka kumfuata, vidole vimeelekea ndani, ndivyo anavyosimama akiogopa, Nadine hakuwahi kuona kwamba baba anasimama hivyo, na daraja litaponyoka, litaponyoka kweli, na viatu hivi vitarudi nyumbani vikiwa hivi hivi, na yeye Nadine hatakuwa na bibi wa kumpa Pruitt badala yake, hatampa, atasema tu sijui ni la nani na silifuti, na litasikika kama ujinga, hoja isiyo na mguu, mtoto mkaidi chini ya gari, na hakutakuwa na ukimya ukumbini, kutakuwa na mtu anaandika alama na kuondoka, na baba kwenye njia nzima ya kurudi, bila kuwasha redio... "Nadine," baba anasema, "mwanangu, tafadhali," na harufu ya spiriti imemjaa puani, kitambaa bado kimelowa kiganjani, na juu yake doa liko pale lilipokuwa, la mtu fulani.