Moshi Uliokwisha Kupokelewa

Dobi alikuwa amefika kwenye kola ya shati la mwalimu mkuu pale moshi wa kiwanda cha saruji ulipoingia, ukabisha hodi ukiwa tayari ndani, ukaketi kwenye kiti cha plastiki. Aliutazama kwa jicho la pembeni. "Vua viatu," alisema kwa mazoea, kisha akaona hauna miguu, akaendelea kupiga pasi.

Zamani moshi huo ulipita tu juu ya mapaa, ukachafua shuka zilizoanikwa, ukaenda zake. Tabia ya kukaa ilianza kiwanda kilipotangaza kwamba hewa ukaa yake yote imenunuliwa nafasi katika msitu wa mbali, ambako kimelipia miti isikatwe. Majirani walililaumu jina lenyewe. Ukiita kitu hewa ukaa, unategemea kisimame?

Dobi hakucheka nao. Bintiye alikuwa na pumu, na tangu mgeni aanze kushinda pale, kifua cha mtoto kilipiga filimbi hata usingizini. Dobi aliumia, tena alikasirika, ila hakuzoea kumfokea mgeni.

"Kwako si msituni?" aliuliza. "Mbona huendi?"

"Nilienda, dada," moshi ulijibu. "Mlinzi wa getini akasema nimeshapokelewa tangu mwaka jana. Siwezi kuingia mara mbili."

"Na hiyo miti tuliyoambiwa imeokolewa?"

"Ipo, mizuri. Hakuna aliyewahi kutaka kuikata."

"Nilijua," dobi alisema. "Nilijua tu kuna mchezo hapa."

Alikwenda kiwandani kulalamika. Kesho yake akaja afisa mazingira wa kiwanda, mtu mpole mwenye shati jeupe. Dobi akamwonyesha kiti.

"Mama, moshi wetu uko msituni," afisa alisema. "Humu hamna kitu." Akaketi pale pale, juu ya mapaja ya moshi, na shati likawa jeusi mpaka mabegani. Alikohoa, akaomba radhi, akasema ni mafua.

Ndipo akamwona mtoto mkekani. Alitoa kipimo mkobani, akamwambia apulize. Mtoto akapuliza alivyoweza. Afisa akasoma, uso ukamchangamka.

"Hongera, mama. Mwanao anatoa hewa ukaa kidogo mno, hafiki hata nusu ya wenzake. Huo ni upungufu halali. Kiwanda kinaweza kuutumia."

"Kufanyia nini?"

"Kuongeza bomba la pili la moshi."

Dobi aliisimamisha pasi. Moshi ulitazama chini kwa aibu.

"Na akipona?"

Afisa alilifikiria swali hilo kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya.

"Akipona itabidi tutafute mtoto mwingine," alisema, akachungulia nje mlangoni. Mtaa ule haukukosa watoto.