Rubugo Ndani ya Beseni

Nyirabageni alipotoa mkono kwenye beseni, kipande cha vazi kilimganda vidoleni kama uji. "Yesu wangu!" Akaingiza mkono tena, taratibu, akashika upande wa pili. Nao ukakatika.

Nia mbaya hakuwa nayo, masikini. Rubugo lile, vazi la gome la mti, lilikuwa limetundikwa juu ya jiko miaka na miaka, likawa jeusi tii kwa masizi. Siku ile mume wake Mwesigwa angevishwa mbele ya ukoo, pamoja na medali ya shaba aliyoiacha babu wa babu yake, awe mrithi wa baba yake, Mzee Athanasi, aliyezikwa siku nne zilizopita. Sasa mke gani amtoe mumewe mbele za watu ananuka moshi? Akaisugua medali kwa majivu mpaka ikang'aa. Rubugo akaliloweka kwa sabuni ya unga.

Wazazi wake walitoka Burundi, wakaishi kwa vibarua vya kahawa. Nguo walizozijua zilikuwa za kufua. Rubugo halifuliwi, huanikwa tu. Miaka kumi na tatu ya ndoa pale kijijini Chonyonyo, hakuna aliyemwambia.

Nje, Mwebesa, kaka mkubwa wa Mwesigwa, alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Asipovishwa Mwesigwa, aliyechaguliwa na marehemu, kibanja, shamba la baba yao, kingekuwa cha Mwebesa, migomba na nyumba, hata chumba Nyirabageni alimozalia watoto wake wanne. Na Mwebesa alishasema bila kificho: Mrundi halali kwenye kibanja cha baba yangu.

Shangazi Joviana, mvishaji wa warithi, akaingia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mkamwana, lete vazi, watu wamekaa."

Joviana akachungulia beseni, akajikalisha chini palepale, mikono kichwani. "Umetumaliza, mwanangu. Umetumaliza kabisa!"

"Nilitaka apendeze, shangazi." Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwesigwa akaingia na koti lake la harusi. Alitazama beseni, akamtazama mkewe, kisha beseni tena.

"Tuseme limeibiwa," Joviana akanong'ona.

"Mwebesa alilishika jana kwa mikono yake. Atalitafuta nyumba nzima." Mwesigwa akatikisa kichwa. "Na mimi siwezi kukalia kiti cha baba kwa uongo."

"Nipige basi," Nyirabageni akalia. "Nifukuze, waone ni kosa langu peke yangu!"

Mwesigwa akavua koti, akavua shati. Akapiga magoti mbele ya shangazi yake.

"Nivishe."

"Litakwisha kabla hujafika uani."

"Nivishe hivyo hivyo, shangazi. Waone wenyewe, waamue."

Joviana akachota mabaki kwa viganja viwili, akayalaza mabegani pa Mwesigwa. Hapakuwa na pa kuchomeka pini ya medali. Mwesigwa akaifumbata medali mkononi, akainuka, akatoka.

Vigelegele vilianza, vikakatika. Povu lilimtiririka mgongoni juani, na kila hatua kipande kilidondoka. Mwebesa akainuka kutoka kwenye benchi.

Nyuma ya mumewe, Nyirabageni alikuja ameinama, anaokota kipande baada ya kipande kutoka kwenye vumbi, anatia ndani ya kitenge chake. Hakuthubutu kuinua uso.