Jiwe Jeupe kwa Tsvimbo

Mai Shingai alimwona mzungu kabla mbwa hawajabweka, na hilo ndilo lililomtia shaka kwanza. Mbwa wa kwa Tsvimbo hubwekea hata kuku wa jirani, lakini asubuhi ile walijilalia kivulini wakimtazama mgeni akishuka garini. Yeye alikuwa amechuchumaa kwenye kitalu cha miche ya tumbaku, kopo la kumwagilia mkononi. Alimwona Sekuru Laitoni, babu wa wote pale, akitoka polepole kwenye nyumba za vibarua wa zamani, mkongojo mbele, na alimwona mzungu akivua kofia, akakunja magoti na kupiga makofi ya heshima, viganja vimekunjwa, kama mkwe aliyelelewa vizuri.

"Makubwa haya," alijisemea. "Siku hizi wanakuja wamesoma."

Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Pua ile ilikuwa ya baba yake, Tsvimbo mwenyewe, mwenye shamba wa zamani, aliyepewa jina hilo na vibarua kwa sababu ya rungu lililokuwa halimtoki mkononi. Tsvimbo aliondoka na lori la vitanda na makabati huku watu wakiimba getini, na Mai Shingai alikuwa mmoja wa walioimba. Siku ile aliimba mpaka sauti ikakauka, na hajawahi kuijutia. Ardhi ilikuwa ya babu zao, ikachukuliwa kwa bunduki, ikarudi. Kwake yeye mjadala uliishia hapo.

Kilichomnyima usingizi ni kingine. Kipande chake cha ardhi kilikuwa kwa jina la mumewe, Masimba, na Masimba alikuwa amelala chini ya udongo. Gwenzi, mwenyekiti wa kamati ya shamba, alikuwa hachoki kumkumbusha. "Shamba la marehemu halina mwenyewe, Mai Shingai," alikuwa akimwambia huku akitabasamu. "Bahati yako mimi nipo." Kisha redio ikaanza habari za wazungu kulipwa fidia, watu wakaongeza chumvi yao, na kufikia msimu ule ilikuwa ikisemwa waziwazi kwamba wazungu watarudi, na kwamba watakaopokonywa kwanza ni wale ambao jina lao halipo popote. Mai Shingai alilijua jina ambalo halipo popote.

Kwa hiyo alitazama. Aliwaona wawili wale wakishuka hadi kwenye kona ya chini ya shamba lake, kwenye majani marefu, pale alipokuwa amewatangazia watu kwamba mwaka huu atapalima. Mzungu alibeba jiwe jeupe kifuani kwa mikono miwili. Aliliweka chini, akasimama kichwa wazi muda mrefu, na Laitoni akapiga makofi taratibu. Wakati wa kuondoka mzungu alimpungia mkono. Mai Shingai alijitia hamnazo na kumwagilia miche iliyokwisha kulowa.

Gari lilipopotea akaenda kukagua. Lilikuwa jiwe safi la mtoni, leupe, saizi ileile ya mawe ambayo maofisa wa ardhi waliyapaka chokaa siku walipogawa vipande. Bikoni, alama ya mpaka! Wamekuja kupima kimyakimya, na bikoni ya kwanza wameipanda kwake.

Alimkuta Laitoni amekaa mlangoni, mkate wa dukani mapajani.

"Karibu, mwanangu. Kata mkate."

"Nimeshiba, Sekuru. Yule alikuja kutafuta nini?"

"Alikuja kusalimia."

"Kumsalimia nani? Baba yake hayupo, mama yake hayupo."

"Watu wa zamani," Laitoni akasema, na macho yake yakaenda kwenye kona ya chini, kisha yakarudi haraka. "Mai Shingai, nina neno nataka kuja kukuomba. Lakini si leo. Siji mikono mitupu."

Yale macho yaliyokwenda na kurudi ndiyo yaliyommaliza. Mzee huyu alizaliwa hapahapa kwa Tsvimbo, baba yake alikuja kwa miguu kutoka Malawi kuvuna tumbaku ya wazungu, na ardhi ilipogawiwa yeye hakupata hata pa kupanda maboga. Mtu aliyenyimwa namna hiyo, Mai Shingai aliwaza, akiitwa na bosi wake wa zamani ataacha kuitika? Alirudi kwenye kona, akalifunga jiwe kwenye nguo yake ya kiunoni, akalipeleka kwa Gwenzi kabla mtu mwingine hajalipeleka jina lake yeye kwamba amewapokea wazungu.

Mkutano uliitishwa Jumamosi ndani ya banda la kuchambulia tumbaku. Gwenzi alianza na vikwazo vya nchi za wazungu, kama kawaida yake. Umeme haupo kwa sababu ya vikwazo. Mbolea haijafika kwa sababu ya vikwazo. Transfoma ilipotea kwa sababu ya vikwazo.

"Vikwazo hivi vina meno," akasema Mutodi, jirani wa Mai Shingai, mtu asiyeweza kufunga mdomo hata msibani. "Vilikula trekta la ushirika lote, vikabakiza tairi moja. Tena vikalibakiza uani kwako, Mwenyekiti."

Banda likaangua kicheko. Gwenzi naye akacheka, lakini jicho lake halikucheka.

"Cheka, Mutodi. Waliotuwekea vikwazo wanataka tucheke hivyohivyo mpaka waturudishe kwenye ukibarua."

"Mimi sibishi, vikwazo vipo, na ukibarua siutaki," Mutodi akasema. "Na ardhi ni yetu, nilirushiwa mabomu ya machozi kwa ajili yake. Ila niulize tu. Tukisema apewe aliyezaliwa juu yake, mbona Laitoni—"

"Huyo Mblantaya wa kutoka Malawi ndiye ajenda ya leo," Gwenzi akamkata, akalitoa jiwe chini ya meza na kulibwaga juu yake.

Gwenzi alieleza kila kitu, na alikieleza kwa ustadi: gari, mzungu, jiwe, mpaka. Hakumtaja Mai Shingai mpaka mwisho, na alipomtaja alimsifu kuwa mama mzalendo. Mai Shingai alitazama miguu yake.

Laitoni alisimama. Alivua kofia.

"Wazazi wangu," alisema, ingawa wengi humo alikuwa amewazidi umri mara mbili. "Hilo si bikoni. Pale chini ya majani kuna kaburi la mke wangu, Dailesi. Ndiye aliyemlea yule kijana mgongoni, mama yake alipokuwa mgonjwa. Dailesi alipokufa kijana alikuwa ng'ambo, hakuwahi maziko. Sasa amepata nauli, amekuja kuweka jiwe. Ninyi mnajua jiwe la aliyekosa kufika mazikoni ni nini. Sikuwafundisha mimi."

Mai Shingai akalitazama jiwe mezani. Alijua. Ee Mungu wangu, nani asiyejua? Mwaka ule wa kwanza, walipokuwa wakilala kwenye vibanda vya nyasi kulinda vipande vyao, kaka yake alizikwa Buhera bila yeye, maana aliyeondoka hata kwa siku mbili alikuta mwingine amesimika kibanda palepale. Alipokwenda baadaye, aliokota jiwe njiani na kuliweka juu ya udongo wa kaka yake, akamwomba radhi kwa kuchelewa. Aliyafanya haya kwa mikono yake mwenyewe. Lakini mikono ya mzungu ilipofanya hayohayo, aliona bikoni.

"Nilikuwa natafuta kuku," Laitoni aliendelea, sasa akimtazama yeye, "nije nikuombe, mwanangu, ile kona usiilime. Ndilo neno langu."

Kila mtu bandani alikuwa ameelewa. Ilionekana kwenye mabega yao. Hata Mutodi alikuwa amefumba mdomo.

"Mzungu na mila zetu wapi na wapi?" Gwenzi akasema. "Tusidanganyane. Mai Shingai, wewe ndiye uliyeliona. Liliwekwa wapi? Sema watu wasikie." Kisha akaongeza kwa upole: "Na usiogope. Lile suala la jina la marehemu tutalimaliza wiki ijayo."

Mai Shingai alisimama. Aliwaona watu wote wakimsubiri, na mzee ameshika kofia. Neno moja lingetosha. Aliliona likija mpaka kwenye ulimi, kisha akaiona miche yake, na mwanawe Shingai aliyeko Johannesburg anayeuliza kila akipiga simu kama shamba bado lipo.

"Liliwekwa mpakani," alisema.

Lilikuwa neno la kweli. Hakuna mtu angeweza kumshtaki kwalo, na hakupata kusema uongo mbaya kuliko huo.

Laitoni alipewa hadi Jumatatu ahame. Hakubisha. Aliomba kitu kimoja, apewe jiwe alirudishe mahali pake, na Gwenzi akakataa kwa kuwa lilikuwa kielelezo cha kupelekwa wilayani. Mzee aliondoka na godoro na sufuria juu ya mkokoteni wa kuazima, na alipopita kwa Mai Shingai alimpigia makofi ya kuaga kama kawaida. Mbwa walimsindikiza mpaka barabarani.

Jina lilibadilishwa kweli. Gwenzi alitimiza ahadi. Mvua zikaja, Mai Shingai akalima apate pa kuhamishia miche, na ng'ombe wa jembe walipofika kwenye kona ya chini akawageuza. Majani yakabaki marefu.

"Mbona kona unaiacha?" Mutodi aliuliza kutoka upande wa pili wa ua, na safari hii hakuwa anatania. "Au na wewe kuna mtu unamtunzia?"

Mai Shingai akawaswaga ng'ombe mbele. Alasiri moja, baada ya mvua, alishuka mtoni, akachagua jiwe jeupe, akalibeba kifuani kwa mikono miwili. Aliyapasua majani mpaka akaona udongo uliobonyea. Alipiga magoti. "Ambuya Dailesi, bibi yangu," alianza, "mimi ni yule—"

Pikipiki ikazima barabarani.

"Mai Shingai!" Ilikuwa sauti ya Gwenzi, changamfu. "Unaweka nini hapo?"

Jiwe lilikuwa bado mikononi, halijagusa udongo. Alijua jinsi linavyoonekana kutoka pale barabarani. Alijua kuliko mtu yeyote.

"Siweki, Mwenyekiti," alisema akiinuka. "Naondoa mawe. Nataka kulima."

Gwenzi hakuwasha pikipiki. Alibaki pale, amekunja mikono, akitabasamu, mpaka alipomwona amepanda mteremko wa shamba lote na jiwe lake kifuani na kuingia nalo ndani ya nyumba yake.